Siku niliyojibu ndiyo kwa kila swali

Kibanda chetu kiko Kadutu, Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka sokoni. Ni sekretaria publiki, kama zinavyoitwa hapa: tunachapa, tunatoa fotokopi, tunaskani, tunapiga picha za pasi, na msimu wa wanafunzi kutetea kazi zao ukifika tunafunga saa 6 za usiku. Mwenye mali ni yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Mimi ndiye mshika kompyuta.

Wakati huo tulikuwa na mashine 2. Ya kwanza ilikuwa ya Windows, ya kupokelea flashi za wateja. Ya pili ilikuwa ya Ubuntu, yaani Linux badala ya Windows, na ndiyo niliyoiamini, kwa sababu virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda za mtu na kumwachia njia za mkato zisizofika popote, havikuwa na nguvu humo. Kila faili yenye thamani niliiweka huko: barua za watu, kazi za wanafunzi, hesabu za vikundi vya akina mama. Diski ilikuwa moja, ya GB 500, ya zile zenye sahani zinazozunguka. Nakala nyingine haikuwepo. Niliamini kwamba nikishaikinga mashine na virusi, nimeshazilinda faili.

Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapotoka kwenda Tanganyika. Mvua kubwa ikinyesha, chupa za plastiki zinazotupwa kwenye mitaro ya vilima vyetu hushuka ziwani, maji yakazisukuma hadi bwawani, mitambo ikaziba. Kiangazi nacho kina shida yake, ziwa linapopungua. Mtu wa kompyuta hapa hujifunza kusikiliza. Feni ya mashine ikinyamaza ghafla, unajua kabla hujainua macho.

Jioni moja ya mwezi wa 10 umeme ulikatika mara 3 ndani ya saa moja. Betri ya onduleri yetu, kile kifaa kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na kila wiki tulisema tutanunua nyingine. Mara ya tatu umeme uliporudi, taa ya dukani iliwaka nyeupe kupita kiasi, ikatetemeka, ikatulia.

Niliwasha mashine ya Ubuntu. Nembo haikutokea. Maandishi meupe yalishuka kwenye skrini nyeusi, na chini kabisa likabaki neno (initramfs) na kialama kinachopepesa. Mstari wa juu yake ulisema kwamba kwenye /dev/sda2, yaani ile sehemu (patisheni) ya diski yenye faili zetu, kumekutwa mkanganyiko usiotarajiwa, hivyo niendeshe kwa mkono fsck, programu ya kukagua mpangilio wa faili kwenye diski. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Yaya alikuwa ananitazama. Nikaandika kitu nilichowahi kumwona fundi mmoja akiandika:

fsck -y /dev/sda2

Hiyo -y ni kuiambia programu: kila swali utakaloniuliza, jibu langu ni ndiyo. Maswali yakaanza kupita mbio kuliko jicho. Inodi fulani (kadi ya taarifa za faili) ina bloki (vipande vya diski) zisizo halali, nifute? Ndiyo. Jina hili ndani ya folda linaelekeza kwenye inodi iliyofutwa, niliondoe? Ndiyo. Inodi hii haina mzazi, niiunganishe na lost+found? Ndiyo. Niliona neno la kufuta likijirudia mara nyingi, nikaona ni dalili ya kazi kufanyika.

Kulikuwa pia na mlio. Diski ilikuwa inagonga: tik, tik, kimya, halafu tena tik, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lisilo lake. Niliusikia na sikuutilia maanani. Siku hizi nikiusikia mlio ule ninazima kila kitu kabla sijauliza swali lolote.

Baada ya karibu nusu saa mashine iliwaka. Yaya alinipiga bega, tukachapa kazi za watu, tukafunga. Ni Jumamosi asubuhi, alipofika mama mweka hazina wa AVEC ya mtaa wetu, ndipo nilipofungua folda ya kikundi chake nikaikuta tupu.

AVEC ni kikundi cha kuweka na kukopeshana. Watanzania wangekiita kikoba. Chake kina wanachama 22, hisa moja ni faranga 2000, na kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5. Mwisho wa mzunguko wanafungua sanduku na kugawana. Walikuwa wamebakiza wiki chache. Jedwali lililoonyesha hisa za kila mmoja, mikopo, riba na mfuko wa mshikamano nilikuwa nimelitengeneza mimi, na mama yule alikuwa ameacha kuandika kwenye daftari kubwa kwa sababu nilimwambia kompyuta inatosha.

Nilifungua lost+found, folda ambamo fsck hutupia vilivyopoteza mahali pake. Mlikuwa na faili zaidi ya 2000, zote zikiitwa alama ya # na namba. Nikafungua moja, ikawa picha ya pasi ya mtu nisiyemjua. Nyingine ilikuwa nusu ya barua. Nyingine ilikuwa na ukubwa wa sifuri. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akinisubiri nichape karatasi kama kila Jumamosi.

Nilimwambia ukweli. Nilisema, "Mama, faili imepotea, na mimi ndiye niliyeipoteza." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, mwanangu, kesho utakuja kwenye mkutano. Utawaambia mwenyewe, halafu tutahesabu."

Nikaenda. Niliwaambia. Sitasimulia yote yaliyosemwa. Walikuwa na haki ya kuyasema. Ninachotaka kusimulia ni namna walivyohesabu, kwa sababu pale chini ya mwembe, kwa mama asiyewahi kushika kompyuta, ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa ile -y.

Sanduku lina makufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Lilipofunguliwa, vijitabu 22 vilitolewa vikapangwa kwenye mkeka. Kila mwanachama ana chake, na kila hisa aliyonunua imepigwa muhuri mdogo. Mama alichukua daftari jipya kabisa, akalipiga mistari kwa rula. Mimi nikawa ninasoma mihuri kwa sauti, yeye akiandika kwa kalamu ya risasi. Ukurasa baada ya ukurasa. Kila aliposhuka hadi mwisho wa safu, alijumlisha na kulinganisha na fedha zilizohesabiwa za sandukuni na mikopo iliyo nje.

Kijitabu kimoja kilikuwa kimelowa mvua. Mihuri ya ukurasa mmoja ilikuwa imechujuka hata huwezi kujua ni 3 au 4. Nilichukua kalamu ya wino nikataka kuukoleza ule wa nne ili tuendelee. Mama alinishika mkono. "Hapana. Kijitabu cha mtu hakiguswi. Andika pembeni, kwenye daftari letu, halafu tutamuuliza mwenyewe." Yule mwanachama aliulizwa, na jirani yake wa benchi akakumbuka ile siku: 3.

Tulihesabu Jumapili 2. Jedwali likarudi.

Nyumbani nilianza kusoma. Nilisoma kurasa za maelezo zinazokuja na Linux yenyewe, zile unazozipata kwa man fsck na man e2fsck, ambazo nilikuwa ninazo kwenye mashine siku zote. Jambo la kwanza nililolikuta lilinitia uchungu: fsck haikuandikwa kuokoa faili za mtu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mfumo wa faili unakubaliana na wenyewe. Ikikuta inodi ambayo maandishi yake hayaeleweki, kuifuta ni suluhisho halali kabisa kwake, kwa sababu baada ya hapo hesabu zinakubaliana. Kama mama angekichoma kile kijitabu kilicholowa, daftari lake pia lingekuwa safi.

Kwenye ext4, aina ya mfumo wa faili iliyokuwa kwenye mashine yetu, programu inayofanya kazi ni e2fsck; fsck yenyewe ni mpiga hodi tu, inatazama aina ya mfumo na kumwita anayehusika. E2fsck inapita mara 5. Kwanza inasoma inodi zote, zile kadi ndogo zinazobeba ukubwa wa faili, mwenye faili, na bloki ilipolala. Jina la faili halimo kwenye inodi. Jina liko kwenye folda. Ndiyo maana kinachookolewa bila folda yake kinaishia kuitwa # na namba. Mpito wa pili unakagua folda zenyewe, wa tatu unahakikisha kila folda inaweza kufikiwa kutoka kwenye mzizi. Wa nne unahesabu: inodi inasema inatajwa na majina mangapi, na folda zinaitaja mara ngapi kweli? Niliposoma hapo niliuona mkeka na vijitabu 22. Wa tano unalinganisha orodha ya bloki huru na zilizoshikwa.

Mama alifanya mipito yote hiyo. Tofauti ni kwamba aliandika kwenye daftari jipya, mimi nikaandika juu ya vijitabu.

Na nilijiuliza sana: ext4 si ina lile daftari la mabadiliko, ambalo ext2 ya mwaka 1993 haikuwa nalo na ext3 ikaja nalo mwaka 2001? Si ndilo linalotukinga umeme ukikatika? Linatukinga kweli. Mabadiliko ya inodi na folda yanaandikwa kwanza humo, na umeme ukirudi mashine inayarudia hadi mwisho au inayaacha kabisa. Kwa kawaida halibebi maneno ya ndani ya faili yako, ndiyo maana unaweza kukuta mfumo mzima kabisa na aya yako ya mwisho haipo. Lakini daftari hilo linaamini kwamba diski iko hai. Diski yetu ilikuwa inakufa. Nilipokuja kuisoma kwa smartctl -a, amri inayoonyesha afya ya diski, mstari wa 197, ule unaohesabu sekta (vijisehemu vya diski) zinazosubiri kwa sababu hazisomeki, ulikuwa na mamia badala ya sifuri. Nilikuwa nimeiamuru diski inayougua iandike maelfu ya mara juu ya kile kidogo ilichokuwa bado inakumbuka.

Mwaka uliofuata alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Alikuwa na kompyuta ya mapajani ndani ya mfuko wa turubai. Mjukuu aliiangusha ikiwa imewashwa, na sasa inaonyesha maandishi tu. Ndani yake mlikuwa na methali za Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, alizokuwa anazikusanya vijijini kwa miaka, na tafsiri yake ya Kiswahili kwa kila moja. Nilimuuliza kama kuna nakala mahali pengine. Alisema, "Ziko kichwani, lakini si zote."

Skrini ilikuwa ileile. (initramfs), na ombi la kuendesha fsck kwa mkono. Vidole vyangu vilijua njia. Nikaizima.

Nilimwambia, "Mzee, niachie siku 4." Nikachomoa diski, nikaifunga kwenye kisanduku cha USB, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya mapajani, yenye betri nzima. Betri hiyo naisisitiza kwa kila anayefanya kazi hii katika miji kama yetu. Kukatikiwa na umeme e2fsck ikiwa katikati ya kuandika ni balaa jipya juu ya lile la kwanza. Angalia asilimia ya betri kabla ya kubonyeza Enter, na kama diski inahitaji umeme wa ukutani, subiri usiku ambao una uhakika nao.

Kwanza lsblk -f, inayoorodhesha diski zote, kujua nani ni nani. Inachukua sekunde 1 na nimeona mtu akifuta diski yake mwenyewe kwa kuiruka. Hapa diski ya mzee ilikuwa sdb, patisheni ya mfumo sdb2, ext4, haijapachikwa, yaani Linux haijaifungua itumike. Na isipachikwe. Hata ukiipachika kwa kusoma tu, ext4 inaweza kurudia daftari lake la mabadiliko, yaani ikaandika. Ukitaka isiguse kitu lazima uongeze chaguo la noload. Na fsck juu ya mfumo uliopachikwa ni kama kuhesabu sanduku wakati watu wanaendelea kutia na kutoa fedha.

Kisha smartctl. Sekta 58 zinazosubiri. Basi hakuna kurekebisha kitu kwenye diski hii, ni kunakili. Nilikuwa na diski mpya ya GB 1000 ambayo tuliinunua baada ya yale ya AVEC, nikaandika:

ddrescue -n /dev/sdb2 mzee.img mzee.map

Ddrescue ni programu iliyotungwa kwa diski zinazokufa. Inasoma kwanza yote yaliyo rahisi, ikikuta mahali pagumu inaruka na kwenda mbele, badala ya kuing'ang'aniza sindano ihangaike hapo hadi ikate roho. Kila ilichosoma na kilichokataa inakiandika kwenye ile faili ya .map. Faili hiyo ndiyo iliyonifanya niipende. Usiku wa pili umeme ulikatika, betri ikakaribia kuisha, nikasimamisha kwa Ctrl-C. Asubuhi nilirudia amri ileile neno kwa neno, nayo ikaendelea pale ilipoachia. Sijui kama walioitunga walifikiria Bukavu, lakini inatufaa kama iliyotungwa Kadutu.

Duru ya kwanza ilipomalizika palibaki MB 3 hivi zisizosomeka. Nikairudia kwa -d -r3, ijaribu tena mara 3 mahali pagumu tu. Zikabaki chini ya MB 1. Nikachomoa diski ya mzee, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaandika tarehe juu. Kuanzia hapo sikuigusa tena.

Sasa nilikuwa na picha nzima ya patisheni ndani ya faili moja. E2fsck inaikubali faili ya namna hiyo kama inavyokubali diski. Nilianza na:

e2fsck -fn mzee.img

Hiyo -f inalazimisha ukaguzi hata kama mfumo unajidai ni mzima. Hiyo -n inafungua kwa kusoma tu na kujibu hapana kwa kila swali. Ni kusikiliza malalamiko yote kabla ya kuahidi lolote. Jibu lilikuwa kwamba bloki kuu, ile inayoueleza mfumo mzima, haipo: mahali ambapo ext4 inaweka namba yake ya utambulisho, 0xEF53, palikuwa na sifuri tupu. Moja ya sekta zilizokufa wakati wa kunakili ilikuwa hapo hapo mwanzoni; nilipoendesha lsblk ilikuwa bado inasomeka.

Zamani ningelia. Lakini ext4 inaweka nakala za bloki hiyo mahali kadhaa. Kwa mfumo wenye bloki za baiti 4096, ambao ndio wa kawaida, nakala ya kwanza iko bloki 32768, inayofuata 98304. Wengine hupendekeza mke2fs -n ili ikuorodheshee mahali zilipo, nayo inafanya hivyo bila kuandika kitu. Mimi siitumii nikiwa na usingizi: ukisahau ile -n, umetengeneza mfumo mpya mtupu juu ya ule unaoutafuta. Namba 32768 nimeiandika ukutani kwa chaki.

e2fsck -n -b 32768 -B 4096 mzee.img

Maswali yakaja, na safari hii niliyasoma. Nilikaa na daftari nikiandika namba za inodi zilizotajwa. Nyingi zilikuwa ndani ya folda za programu, vitu vinavyoweza kusakinishwa upya. Chache zilikuwa chini ya folda ya mzee. Nikatengeneza nakala ya picha, cp mzee.img kazi.img, na kwenye kazi.img tu ndipo nilipoandika -y. Ndiyo ile ile, herufi ile ile. Ila sasa ikikosea, nilikuwa na nyingine nyuma yake, na nyuma ya hiyo diski yenyewe kwenye kitambaa. E2fsck ina pia -z, inayotunza faili ya kurudisha mabadiliko nyuma. Kwa mtu asiye na nafasi ya kunakili picha nzima inasaidia, lakini mimi nakala naiamini zaidi.

Ilipomaliza niliuliza echo $?, amri inayoonyesha namba ya matokeo, nikapata 1. Wengi wanaona 1 wanadhani kumeharibika. Kwa fsck, 0 ni hapakuwa na kosa, 1 ni makosa yamerekebishwa, 2 ni yamerekebishwa na mashine iwashwe upya, 4 ndiyo ya kuogopa: yamebaki makosa. 8 ni kwamba kazi yenyewe ilishindikana. Namba hizi hujumlishana, kwa hiyo 12 ni 4 na 8 pamoja. Na jihadhari na 0 ya kwenye XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili. Huko fsck.xfs haifanyi chochote, inarudisha 0 na kukaa. Mkaguzi wa kweli ni xfs_repair, nayo ina -n yake.

Ndani ya lost+found mlikuwa na faili 41. Sikuzifungua moja moja kama siku ile mbele ya mama. Kuna amri fupi iitwayo file, inasoma mwanzo wa kila faili na kukuambia ni kitu gani: picha, PDF, hati ya LibreOffice. Hati zilikuwa 3. Mbili zilikuwa barua. Ya tatu ilikuwa na ukubwa kuliko zote. Nilipoifungua ilianza kwa kichwa cha habari kwa Mashi, kisha namba 1, kisha methali, kisha tafsiri, na ikaendelea hadi kurasa 200 na zaidi.

Mzee alipokuja alivaa miwani akasoma akiwa amesimama. Midomo ilikuwa inachezacheza bila sauti. Alifika mahali akasimama, akasema kwamba ile aliipata kwa dada yake, Walungu, na dada ameshafariki. Nilimchapia yote kwenye karatasi bila malipo, na nikamwekea nakala kwenye flashi 2, moja akae nayo yeye na nyingine akae nayo binti yake, nyumba tofauti.

Wateja wengi wana Windows, na mambo yao ni hayohayo kwa majina mengine. Chkdsk, mkaguzi wa Windows, bila /f inatazama tu; ukiongeza /f inaandika. Diski ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ikikataa, naipeleka kwenye Windows baada ya kuitengenezea picha, kwa maana ntfsfix ya Linux inarekebisha vitu vichache tu na si mbadala wa chkdsk. Na mtu akikuta kwenye flashi yake folda ya FOUND.000 yenye faili za .CHK, hiyo ndiyo lost+found ya huko. Asiifute akidhani ni uchafu.

Baada ya kazi ya mzee nilirudi kwenye droo. Ile diski yetu ya GB 500, niliyoiharibu, nilikuwa sijaitupa. Niliiendeshea ddrescue usiku 3 mfululizo. Nilijua jedwali la AVEC lenyewe halitarudi, maana inodi yake niliifuta kwa mkono wangu. Lakini kila mara LibreOffice ilipohifadhi jedwali iliandika faili mpya na kuacha ya zamani, na mabaki ya zamani huweza kukaa kwenye bloki huru miezi mingi. Niliipa photorec ile picha. Photorec haijali inodi wala folda, inatafuta tu bloki zinazoanza kama hati na kuzikusanya. Ilitoa majedwali 6. La nne lilikuwa la kikundi, la mwezi wa 7 wa mwaka ule, wanachama wote 22, safu zote.

Nililichapa, nikapanda nalo hadi kwa mama. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Aliingia ndani akatoka na lile daftari la rula, akalifungua mwezi wa 7, akaliweka kando ya karatasi yangu. Akaanza kushuka na ncha ya kalamu ya risasi, jina kwa jina, kushoto kisha kulia. Yote yalikubaliana hadi jina la 17. Karatasi yangu ilisema hisa 4, daftari lake lilisema 3.

Ni yule wa kijitabu kilicholowa. Nilikuwa nimechapa vibaya tangu mwezi wa 7, na kama faili ingerudi nzima siku ile tungegawana kwa kosa hilo. Mama hakusema kitu. Alikata ile 4 kwa mstari mmoja mwembamba, ambao bado unaisoma chini yake, akaandika 3 pembeni, akanirudishia karatasi, akaendelea na jina la 18.